Namba ya Bi Häberle

Bi Irmtraud Häberle alikuwa jirani yangu wa ghorofa ya juu kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote hatukuwahi kuitana kwa majina ya kwanza. Alifanya kazi kiwanda cha soksi mpaka kikafungwa, akamzika mume, na kila zamu yake ya kufagia ngazi ilipofika alifagia, hata magoti yalipoanza kumgomea. Mwaka jana yakamshinda kabisa. Jumba letu hapa mjini Reutlingen halina lifti, basi akakubali kuhamia kwa dada yake, mbali kaskazini, kwenye nyumba isiyo na ngazi.

Kilichobaki kilikuwa mkataba wa intaneti na simu ya nyumbani. Nilimkuta amekaa juu ya boksi la vyombo, simu ya mezani mkononi, muziki wa kusubirisha wateja wa kampuni ukimpigia kelele.

“Bado hujampata mtu?”

“Wa nne huyu. Kila mmoja ananiuliza nilizaliwa lini, utadhani anataka kunioa.”

Hatimaye binti mmoja akapokea. “Mama, una bahati! Huko unakohamia laini yetu haifiki, kwa hiyo sheria inakuruhusu kuvunja mkataba kabla ya muda. Tutumie tu cheti cha makazi mapya.”

“Na namba yangu hii ya simu?”

“Hiyo ni ya Reutlingen, mama, haiendi nawe. Mkataba ukiisha, nayo basi.”

Bi Häberle akasema atafikiria, akakata. Bahati gani hiyo, nikajiuliza, maana uso wake ulikuwa umesawajika.

“Volker hana namba nyingine yangu,” akasema.

Volker ni mwanawe. Waligombana siku ya mazishi ya baba yake, akaondoka, na tangu hapo hajulikani aliko.

“Miaka minane hajapiga, Bi Häberle.” Nilisema kwa ukali, kwa sababu yule kijana alikuwa amenikera siku nyingi.

“Najua. Namba hii nilimfundisha kwa kuimba, akiwa na miaka minne, ili asinipotee.” Akaiweka simu mapajani. “Nimechoka, Bi Zeller. Hata kumsubiri nimechoka. Lakini niizime kwa mkono wangu mwenyewe? Siwezi.”

“Basi usiuvunje. Uhamishie kwangu, na namba yake.”

Akanitazama. “Utapokea kwa jina langu?”

Kwetu anayeinua simu hutaja jina la ukoo, basi, hana habari ya halo. Mimi nimesema “Zeller” tangu niolewe.

“Akisikia jina la mtu mwingine atakata,” akasema. “Ana pupa, kama baba yake.”

Nikaahidi. Akahama, namba ikaja kwetu, na mimi nikarithi balaa. Wauza madirisha, wauza mvinyo, wauza umeme wa jua, wote walimtaka Bi Häberle, na wote niliwaitikia kwa jina lake huku nikiwalaani kimoyomoyo. Mume wangu Rolf alinicheka mpaka akachoka.

Kisha jioni moja ya Novemba, nikiwa jikoni, simu ikalia na Rolf akainua.

“Zeller!”

Kisha nikasikia akiirudisha simu mezani.

“Nani huyo?” nikauliza.

“Hakusema. Amepumua tu, akakata.”

“Rolf! Jina, Rolf! Nimekuambia mara ngapi?”

“Mke wangu, mdomo umezoea.”

Sikumsemesha mpaka asubuhi. Siku zilizofuata sikuenda hata sokoni. Niliogopa, kusema kweli. Niliona nimempotezea mama wa watu kitu chake cha mwisho.

Jumamosi nilikuwa nafagia ngazi niliposikia inalia. Nikakimbia na ufagio mkononi.

“Häberle!”

Mtu akapumua. “Wewe si mama.”

“Si mama. Ni Zeller wa ghorofa ya chini. Na ole wako ukate, Volker.”

“Amekufa?”

“Amehama. Magoti. Yuko kwa mama yako mdogo. Chukua kalamu.”

“Sina kalamu, niko barabarani. Nitajie tu.”

Nikamtajia namba mpya, tarakimu moja moja. Akairudia, akakosea. Nikamtajia tena. Safari hii akaiimba, kwa sauti nzito ya mwanamume wa miaka arobaini, na mimi nikamwacha aimbe mpaka mwisho.