Tai wa Mkono wa Kushoto

Shemeji yangu Wahbil alikuwa mchongaji wa mihuri ya kupigia sarafu hapa mjini tangu kabla sijamwoa dada yake. Mfalme wa Kiyunani tuliyeiga sarafu zake alishakufa zamani, ila wafanyabiashara waliizoea sura ile: mbele kichwa kilichovishwa ngozi ya simba, nyuma mungu kakaa kitini, tai mkono wa kulia. Maandishi yake hakuna aliyeyajua. Wahbil aliyachonga hivyo hivyo.

Mimi kazi yangu nyundo. Napiga, sitazami.

Msafara wa wageni wa mji wa Gerra ukiwa unangoja malipo, muhuri wa mungu ukapasuka vipande vipande. Siku zote Wahbil alichonga mpya kwa kuiga muhuri wa zamani. Safari hii akaiga sarafu yenyewe, akanikabidhi, akaenda kulaza macho yake mabovu. Nilipiga hadi fedha yote ikaisha. Ndipo nikaokota moja.

"Shemeji, amka. Tai kahamia kushoto."

"Acha utani wako."

"Njoo uone mwenyewe!"

Aliisogeza karibu na jicho, akaelewa. Alichonga alichokiona, na muhuri ukipigwa hugeuza kila kitu, kulia kuwa kushoto.

Zaydil, msimamizi wa ngome, alikuwa ameapa mbele ya Jua kwamba wageni wakizikataa sarafu, mkono wa mchongaji utakatwa. Zaydil hatishii bure. Muda wa kuziyeyusha upya hatukuwa nao. Ngamia walikuwa wameshapiga magoti kupakiwa.

Tajiri wa msafara, Natnil, alichukua sarafu moja huku akitafuna tende. Zaydil alisimama kando yake. Wahbil akaficha mkono wa kulia ndani ya joho. Natnil akaweka patasi juu ya uso wa mungu, akagonga, akachungulia mkato.

"Fedha tupu, nyeupe mpaka ndani. Pakieni!"

"Hutazami sura?" Wahbil akaropoka. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Natnil akacheka. "Sura ya nini, mzee wangu? Kwani namtafutia mke?"

Jioni nilichinja mbuzi. Wahbil hakugusa nyama. Alikaa ameupakata mkono wake mzima.

"Nimemchonga tai huyo mpaka kucha," akasema.

Nikapandwa na hasira. "Ulitaka ukatwe, wewe?"



"Angalau wangekuwa wamemtazama."