Sabuni Isiyo na Harufu

Medina alikuwa anakata mche wa sabuni kwa waya, kwenye kibanda chake cha Oli, mjini Arua, Taban alipofika na kusimama mbele yake bila salamu. Taban, mtoto wa baba yake mdogo, si mtu wa kufika mahali akanyamaza.

"Salamu umeziacha Koboko?" Medina alimtania.

"Dada, funga duka."

"Nifunge kwa nini? Wewe ndiwe mkuu wa soko siku hizi?"

"Mzee hayupo tena. Alisali alfajiri, akarudi kulala, basi, hakuamka."

Waya ulibaki katikati ya sabuni. Medina alisema maneno tunayofundishwa kuyasema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Lakini swali lililomtoka baada ya hapo halikuwa baba aliumwa nini, wala aliacha maneno gani. Aliuliza, "Watu wamekuja?"

Taban aliangalia chini. "Wamekuja. Wachache."

Jirani yake Margarita, muuza samaki wakavu, alishasikia. Alijifuta mikono kwenye kanga akaja kumshika bega. "Pole, mama. Hukuwahi kumtaja baba yako hata siku moja. Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mkulima," alijibu Medina.

Taban alimtazama, akaitazama sabuni iliyopangwa mezani, yote ya kiwandani, ya bluu na ya njano, kisha akageuza uso kuelekea mto.

Kulima alilima, ndiyo, lakini Koboko nzima ilimjua Zubeiri, baba yake Medina, kwa dawa. Kabla ya vita vya sabini na tisa alikuwa mpiga dawa kwenye mashamba ya tumbaku, bomba mgongoni, kitambaa puani, na alikuwa na pua ya ajabu; angeweza kunusa jani na kukwambia kama lina wadudu. Serikali ilipoanguka na watu wa kwetu wakaanza kuwindwa, alivuka mpaka na familia yake mpaka Sudan, mzigo wake ukiwa sufuria na Kurani. Huko kwenye kambi ya wakimbizi hakukuwa na sabuni. Watoto walikuwa na upele, maharage yalitobolewa na wadudu kabla hayajafika chunguni. Zubeiri alianza kujaribu. Alichuja maji kwenye majivu, akayapika pamoja na mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za mti wa shea, mpaka yakashikana na kuwa sabuni. Mafuta yaliyobaki akayafanya ya kupaka mwilini. Kwa mashamba aliloweka mabaki ya tumbaku na pilipili katika maji yale yale makali ya majivu, akayapika na mafuta kidogo ili dawa ishikamane na majani. Watu waliokuwa na mawaziri na maofisa katika koo zao walipanga foleni mbele ya sufuria la Zubeiri, na Medina, akiwa msichana, alipita kambini kichwa juu.

Waliporudi Koboko katikati ya miaka ya themanini, aliendelea, naye Taban akawa anampelekea bidhaa kwenye magulio mpaka Arua na Adumi. Kitu kimoja tu kilimkera mzee. Wanawake waliipenda sabuni yake na mafuta yake kwa sababu aliyatia mchaichai, lakini dawa ya shamba waliishika kwa vidole viwili, wakikunja pua.

"Hii yako inanuka kama soksi ya askari," walimwambia.

Aliposikia hivyo hakulala vizuri, yeye mwenye pua ile. Akaitia mchaichai dawa ya shamba nayo. Ikanukia. Alifurahi kama mtoto, akasema sasa hata bibi harusi anaweza kunyunyizia maharage.

Na kwa Kiswahili cha kwetu, dawa ni neno moja tu. Iko dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya nywele, dawa ya homa, na zote ni dawa. Mama mmoja wa Adumi, jina lake Candiru, alimwona Taban gulioni akamwuliza, "Dawa ya wadudu iko?" Taban akasema iko, akampa chupa. Taban alifikiria maharage. Candiru alifikiria chawa waliokuwa kichwani kwa binti yake. Alifungua chupa, akanusa, akasikia mchaichai ule ule wa mafuta ya kupaka. Alimpaka mtoto kichwa kizima, akakifunga kitambaa.

Mtoto, Drateru, alitapika mchana kutwa, akalazwa, akapona. Lakini upande mmoja wa kichwa uliungua, na nywele hazikuota tena pale.

Hakuna aliyemshtaki Zubeiri. Ingekuwa afadhali. Watu walimwita Zubeiri Sumu, kwanza kwa mzaha, kisha likawa jina. Walikataa sabuni yake, na wengine walipompa mkono walijifuta kwenye nguo. Yeye alimwaga dawa ya shamba yote shimoni, akang'oa mchaichai wote uani. Msikitini alihamia safu ya nyuma, karibu na viatu. Kila mwaka alisema, "Nitakwenda Adumi." Kila mwaka alivaa kanzu, akafika barabarani, akarudi. Alisema mbele za Mungu anaweza kuinamisha kichwa, maana Mungu ameshajua yote, lakini mbele ya yule mama ataweka uso wapi? Na Medina, alipoolewa Oli, akafungua kibanda cha sabuni za watu wengine, akawa binti wa mkulima.

"Wanazika lini?" alimwuliza Taban sasa.

"Kesho baada ya adhuhuri. Wanamngoja baba Yakani atoke Sudan." Yakani alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Taban alisita. "Dada, sheikh atauliza."

Medina alijua. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, sheikh huuliza kama yupo mwenye madai kwa maiti. Haki ya Mungu Mungu husamehe, haki ya mtu iko mkononi mwa mtu. Kwa maiti wengine ni swali la kupita tu. Kwa baba yake watu wote wangegeuka kuangalia barabara inayotoka Arua, njia ya mtu wa Adumi, na hata kama hakuna atakayesema neno, baba angeshuka kaburini na deni lile, na wao wangebaki na jina lile.

"Tafuta baiskeli," alisema. "Twende Adumi."

"Twende tukaseme nini?"

"Sijui. Tafuta baiskeli."

Walimkuta Candiru uani kwake akipukuchua maharage. Hakusimama. Alimtazama Medina kwa muda, akasukuma kigoda kwa mguu.

"Wewe iko wa Zubeiri," alisema. "Pua hiyo iko yake."

"Mimi binti yake, mama. Amefariki leo."

Mikono ya Candiru ilisimama. "Basi hatakuja."

"Hatakuja, mama."

"Mimi nilimngoja." Aliokota ganda moja, akalitupa. "Si kwa ugomvi. Hapa kwetu, mutu akiunguza mtoto wako, anakuja. Anakaa pale ulipokaa wewe. Unamtukana, unamtukana mpaka mdomo unachoka, halafu unampa maji, anakunywa, kwisha. Baba yako alininyima kumtukana. Miaka yote hiyo matusi yangu yamekaa hapa, yameoza tumboni."

Medina alitoka kwenye kigoda akapiga magoti. Alitaka kuomba msamaha kwa niaba ya baba yake, lakini Candiru alimkatiza.

"Inuka, kaa. Magoti hapana. Nataka haki yangu."

"Haki ipi, mama?"

"Matusi yangu. Wewe ukae badala yake."

Medina alikaa. Taban alirudi nyuma hatua, kama mtu anayekwepa mvua. Candiru alisimama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaanza. Alianza taratibu, kama anatafuta njia, kisha akaipata.

"Zubeiri! Wewe mwanamume wa pua! Nani alikutuma kutia manukato kwenye sumu? Ulikuwa unaposa nani, wadudu? Ulitaka panzi wakuoe? Mwanangu alikuwa na nywele kama nyasi za mvua, wewe ukazifanya uwanja wa ndege! Na miguu yako ilikuwa na kidonda gani, usifike hapa? Ulivuka mpaka wa Sudan na risasi nyuma, ukashindwa kuvuka gulio la Adumi! Mwoga! Mpika majivu! Mimi niliingia hospitali na mtoto mgongoni, wakaniuliza nani alimpaka. Ni mimi! Ni mkono wangu huu! Ungekuja, tungekuwa wawili."

Medina alikuwa analia kwa aibu, machozi yakimdondokea mapajani, na hakuyafuta, maana aliona si yake, ni ya baba yake. Candiru aliingia ndani, akatoka na maji kwenye kibuyu.

"Kunywa."

Medina alikunywa yote.

"Kwisha," alisema Candiru, akaketi tena kwenye maharage yake. Baadaye kidogo akaongeza, "Na huyo kijana wa nyuma yako namjua. Kila mavuno mutu analeta furushi hapa, anasema 'ya mama Drateru', anakimbia. Uso sijauona, lakini mbio hizo ni za kanga wa porini."

Taban alijikuna shingo. "Mzee ndiye alinituma, mama."

Candiru alimwita binti yake. Drateru alikuwa msichana mkubwa sasa, kitambaa kimefungwa kichwani kwa upande, kama mtindo wa mjini. Alitoka na kikapu. Ndani yake kulikuwa na vipande vya sabuni, rangi ya udongo, vikavu, vimepangwa juu ya majani ya migomba. Medina alichukua kimoja akakinusa. Hakikuwa na harufu yoyote, ila ya mafuta ya lulu kwa mbali.

"Sikuitumia," alisema Candiru. "Kuitupa, nayo, nilishindwa."

"Mimi nimeoga nayo," Drateru alisema. "Mara nyingi tu. Inatoa povu kuliko ya dukani. Mama hajui."

"Mama anajua," alisema mama yake. "Sabuni inajiisha yenyewe?" Akamgeukia Medina. "Chukua moja. Mukamuoshe nayo. Na huyu atakwenda nanyi. Kichwa ni chake, aseme yeye."

Kesho yake walipanda gari la alfajiri, wakafika Koboko jua likiwa limepanda. Watu hawakuwa wengi. Medina alimpa Taban kipande kile, naye akakipeleka nyuma ya pazia walikokuwa wanamwosha mzee, yeye na baba Yakani na muadhini. Wanawake waliokaa mkekani walisikia maji yakimwagwa. Baadaye ikaja harufu ya karafuu maiti. Kabla hawajamfunika uso walimwita Medina amwone. Vidole vya baba yake vilikuwa bado na rangi ya tumbaku kwenye kucha, ile isiyotoka. Alimwambia kwa sauti ndogo kwamba ametoka Adumi.

Jeneza lilipowekwa uani, sheikh aliuliza kama yupo mwenye madai kwa Zubeiri. Watu waligeuka kuangalia barabara, kama Medina alivyojua, kwa hiyo hawakumwona Drateru aliposimama katikati ya wanawake.

"Mimi ni wa Adumi," alisema. "Mimi ndiye yule mtoto. Mama amesema kwisha. Na mimi nasema kwisha."

Mzee mmoja alikohoa. Sheikh alisema, "Mungu akulipe, binti," akageukia kibla. Wanaume walipanga safu, wakaswali, wakanyanyua jeneza, wakalipeleka makaburini nyuma ya shamba la mihogo, wakipokezana mabega. Wanawake walibaki. Medina na Drateru waliosha beseni na mitungi iliyotumika. Wanaume waliporudi walikuwa na udongo mikononi. Medina aliwashikia maji mlangoni, na kipande cha sabuni kilichobaki kikapita mkono kwa mkono mpaka kikaisha.