Jani la Isale la Mtakatifu Antoni

Nyumbani kwetu Kilema mtoto alipewa mtakatifu siku alipoondoka. Dada mkubwa alipoolewa Arusha alikabidhiwa kwa Mtakatifu Ana. Kaka mkubwa, fundi seremala, alipokwenda Dar es Salaam akapewa Mtakatifu Yosefu, wa kazi hiyo hiyo. Kila jioni baada ya rozari baba aliwataja mmoja mmoja, mtoto na msimamizi wake, na sisi tukaitikia "utuombee" huku harufu ya ndizi ikitujia kutoka jikoni. Mimi kitinda mimba nilikuwa ndani ya "na wengine wote". Siku moja nililalamika.

"Wewe uombewe nini?" mama aliniuliza. "Hata kuku wa hapa wanatembea kuliko wewe."

Kwa desturi yetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na wazazi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kutii desturi kwa raha kama mimi. Nilipomaliza kidato cha nne nilijaribu kuishi mjini kwa shangazi, pale Rau. Jumapili ya pili ilinikuta nimesharudi kwenye benchi langu kanisani. Nilisema ni mbu.

Mtakatifu Antoni wa Padua, mtafutaji wa vilivyopotea, alipewa kaka aliyeniachia ziwa. Na huyo hakuwa amepotea. Alikuwa Himo. Ukisimama mpakani mwa kihamba chetu asubuhi isiyo na ukungu, unayaona mabati ya Himo yaking'aa huko chini.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na biashara ilipofunguliwa, kila mtu akawa na kitu cha kuuza isipokuwa sisi. Kaka alimsihi baba wang'oe sehemu ya kahawa wapande nyanya. Baba hakukataa wala hakukubali. Alisema "tutaona", ambalo kwake lilikuwa jina lingine la hapana. Kaka akalisikia kama ndiyo. Baba alipokwenda kwenye msiba wa jirani, kaka alishika jembe. Baba aliporudi jioni, bado amevaa koti la msibani, alikuta safu mbili za mibuni zimelala, mizizi juu. Mibuni ile aliipanda yeye na baba yake, akiwa mtoto wa kubebeshwa maji.

Hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya waombolezaji waliomsindikiza, "Aliyeng'oa kahawa yangu asile ndizi yangu."

Kwetu ndizi ndiyo chakula, kwa hiyo neno lile lilitosha. Kaka alishuka Himo kesho yake. Akapata meza karibu na stendi, akawa anauza vitunguu na nyanya. Za wenzake.

Krismasi ilipofika, watoto wa mlimani walipanda kurudi kwao kama ada. Dada alikuja, kaka mkubwa alisafiri kutoka Dar siku nzima akashuka miguu imevimba. Wa Himo hakuja. Tuliketi tukala, na baba akaanza, "Mtakatifu Antoni, umtafute mwanangu aliyepotea..."

"Meku," mama alimkatiza. Ndivyo alivyomwita, mzee kwa Kichagga. "Unamsumbua Antoni bure. Huyo hajapotea, anauza vitunguu. Shuka na gari la asubuhi umwone."

"Sala haikatizwi," baba alisema.

Wageni walipoondoka mama alimwambia tena, safari hii bila utani. "Mpelekee isale."

Isale ni mmea tunaoupanda mpakani mwa shamba. Aliyekosa hukata jani lake, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale husemi hapana, hata kama umechomewa nyumba. Ila hulipeleka mkosaji, na baba hakuwahi kusikia mzee akimpelekea mtoto wake.

"Mimi ndiye niliyeng'oa kahawa?"

"Ni wewe uliyemnyima mtoto chakula mbele ya watu."

Baba akachukua redio yake akatoka nje. Siku chache baadaye nilipokuwa nafagia sebuleni, nililiona jani bichi la isale, limefungwa fundo vizuri, limechomekwa kwenye fremu ya picha ya Mtakatifu Antoni.

Nilicheka hadi nikaweka ufagio chini. Antoni mwenyewe ni mtu wa Ulaya; sidhani kama kuna aliyewahi kumweleza maana ya jani lile. Jani lilipokauka baba alilibadilisha, tena alfajiri, akidhani tumelala. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, mama mmoja jirani alilikodolea macho mpaka akasahau Salamu Maria yake.

"Baba, na hili?" aliuliza.

"Pambo," baba alisema.

Mimi nilitumwa Himo mara kwa mara kupeleka parachichi sokoni, na kila mara nilipita kwenye meza ya kaka. Alikuwa mcheshi kama zamani.

"Karibu, mwenye nyumba! Leo umevuka mpaka? Umeaga serikali?" Halafu, akipanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa: "Mzee ananisemaje?"

"Anakuombea."

"Kwa nani?"

"Kwa Antoni."

Alicheka. "Mwambie Antoni niko hapa pembeni ya stendi, asipotee njia." Alipomaliza kucheka akasema, "Mzee akiniita nitapanda. Aniite yeye."

Akanipa mfuko wa vitunguu. Nilipofika nyumbani nilimweleza mama maneno yote, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana baba alikuwa dirishani anafungua redio ambayo haikuharibika.

"Amekonda?" baba aliuliza, macho kwenye betri.

"Hapana."

"Vitunguu vimetoka wapi?"

"Kwa Antoni," mama alisema.

Baba alivila.

Wiki hiyo hiyo alivaa koti lake la Jumapili siku ya Alhamisi. Akakata isale mbichi mpakani, akaiweka mfuko wa ndani, akasimama barabarani kusubiri gari. Mama na mimi tulikuwa tunachungulia migombani kama wezi wa mikungu. Pikapu ikaja. Ilikuwa na mbuzi wawili na mwanamke mmoja. Ikapunguza mwendo. Baba akaipungia mkono, ule wa kusalimia, ikapita.

Alirudi akavua koti. "Gari limejaa," alisema.

Mama akaenda kuchochea moto. Jioni ile Antoni alipata jani jipya, na sala yake ilikuwa ndefu kuliko ya watoto wengine wote pamoja. Nilipiga miayo. Nilijiambia Alhamisi ziko nyingi.

Hazikuwa nyingi. Baba alianguka kabla mvua za masika hazijakatika, akielekea zizini jioni na ndoo ya maziwa, na kabla ya kucha akafariki bila kuzungumza tena. Aliyetumwa Himo alimkuta kaka anafungua meza. Kaka alifika wa kwanza kati ya walioitwa, kabla hata ya katekista, maana Himo ni karibu.

Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya picha. Jani lilikuwa kavu, rangi ya tumbaku, fundo bado limekaza.

"Nani amemkosea Antoni?" aliuliza. Hata siku ile alijaribu mzaha.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. "Hajakosewa Antoni," alisema. "Hilo ni lako. Lilikosa gari."

Kaka hakuelewa, au hakutaka, akanigeukia. Nikamweleza: koti la Jumapili, pikapu, mbuzi wawili. Aliuliza kama kweli ilikuwa na nafasi. Nikasema ilikuwepo. Akauliza tena, kana kwamba ningeweza kujibu vingine.

Alilichomoa jani. Likavunjika pale kwenye fundo. Akavishika vipande vyote viwili kiganjani, akamfuata mama jikoni alikokwenda kuwapakulia waliokesha.

"Mama," alisema, "naweza kula?"

Mama alimpakulia kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, bakuli zima. Kaka alikula amesimama, kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliufumba mpaka alipomaliza.

"Nami ningeweza kupanda," alisema. "Ni hapo tu."

Mama akamwongezea.