Mke Wangu Amebakiwa na Neno Moja Tu

Msimamizi wa ukurasa huu, naomba usilitaje jina langu wala kanisa langu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Manga katika kaunti ya Nyamira. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mahali hapa, na simu ninayotumia ni yake. Wanaopenda kujibu kwa vile vichwa vya manjano vinavyocheka wasijisumbue. Jambo langu ni zito.

Nina mke, na nina mwana mmoja wa kiume, ambaye nitamwita Joeli. Ni mpishi katika hoteli moja huko Naivasha. Mwaka jana bibi yake, yaani mama mzazi wa mke wangu, alifariki kwao Nyacheki. Tulimpigia Joeli simu aje, naye akasema kwamba mwajiri amemnyima ruhusa. Alifika mazishi yakiwa yamekwisha, amebeba mikate na shada la maua. Mke wangu alikuwa ameketi uani akipepeta wimbi. Hakuinuka kumpokea. Alimwambia mbele ya shangazi zake, "Umeshindwa kumzika mama yangu, basi na mimi usinizike. Udongo wako usiniguse."

Wasomaji wa mbali huenda wakayaona hayo kuwa maneno ya hasira tu. Kwetu Gusii, mtoto aliyekatazwa na mzazi kutia udongo kaburini amefungiwa mlango wa nyumbani, na kauli hiyo haiondolewi ila na kinywa kilichoitoa. Jioni hiyo nilimwambia mke wangu, "Mama Joeli, lirudishe neno lile." Akajibu, "Acha lipoe kwanza. Nitalirudisha akija Desemba. Na yeye aonje kidogo."

Desemba haikumkuta na maneno. Alianguka shambani akichuma majani chai, kikapu kikiwa mgongoni. Kilikuwa kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: "yaya", ambalo kwa Ekegusii ni "hapana". Ukimwuliza kama anataka chai, anasema "yaya", kisha anakipokea kikombe kwa mkono wa kushoto na kuinywa yote. Ukimwuliza kama jua linamwumiza, anasema "yaya", huku akikuonyesha kivuli. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ndio uliomwachia neno hilo, na kwamba si yeye aliyelichagua.

Kaka yangu alikuja na ushauri wake. Alitaka wazee wa ukoo waitwe, wamtemee Joeli mate ya baraka, mambo yaishe. Nilipokataa, alinicheka. "Haya, mwalimu! Basi chukua kalamu nyekundu umsahihishie mkeo kauli yake!"

Mchungaji naye akaja. Akasema, "Mzee, maneno ya hasira hayamshiki mtu aliyeokoka."

Nikamwuliza, "Mchungaji, Jumapili si ulitufundisha kwamba ulimi huua na huhuisha? Ulituambia tuwatamkie watoto baraka, nazo zitawafikia popote walipo. Baraka ndizo zinazofika, na laana inapotelea njiani?"

Alikuna kidevu, akasema, "Tuombe." Tukaomba. Swali langu lilibaki mezani pamoja na vikombe.

Wiki iliyopita mke wangu alianza kudhoofika sana. Nilimpigia Joeli, ambaye hajakanyaga nyumbani tangu mazishi yale, nikaiweka simu sikioni mwa mama yake. Nilidhani ninafanya jambo jema. Nilimsikia mwanangu akilia: "Mama, umenisamehe? Nije?" Mke wangu aliishika simu kwa mkono wake mzima, akawa anaipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa kichwa cha mtoto mchanga. Machozi yalimtiririka. Akasema, "Yaya. Yaya. Yaya."

Mimi niliuona mkono. Joeli alilisikia neno. Akakata simu.

Nilipompata siku iliyofuata, nilianza kumweleza habari za ugonjwa, kikombe cha chai na kivuli. Alinikatiza. "Tata, achana na mambo ya daktari. Siwezi kuja kusimama kwenye kaburi la mtu aliyenikataa mara mbili, shangazi zangu wakininyooshea vidole. Lakini wewe hujawahi kunidanganya hata siku moja. Niambie tu, amenisamehe ama hajanisamehe? Ukisema ndiyo, napanda gari leo."

Nikamwambia, "Nitakupigia."

Sijampigia hadi sasa. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba Mkristo hasemi "ndiyo" asiyo na hakika nayo. Nami moyo wa mke wangu sina hakika nao. Nina hakika na mkono wake tu. Nikisema amesamehe, na kumbe bado alikuwa akiliacha neno lipoe, nitakuwa nimemsemea mtu asiyeweza kunikanusha, na mwanangu atatia udongo akiitegemea kauli yangu. Nikisema sijui, huo ndio ukweli, lakini atabaki Naivasha, na mama yake ataondoka akiutazama mlango. Ameutazama tangu siku ile ya simu. Kila mbwa akibweka, anageuza kichwa.

Enyi mnaomcha Mungu, na hasa mliowahi kumwuguza mtu aliyepoteza maneno, niambieni: je, nina ruhusa ya kulisema neno ambalo kinywa cha mke wangu kimeshindwa kulisema? Au nitakuwa nimesema uongo?

Nijibuni upesi. Asubuhi hii nilimwuliza kama anataka uji. Hakunywa, na kwa mara ya kwanza tangu augue, hakusema hata "yaya".