Kuku Waliokufa Angurai

Nikiwa mtoto kule Angurai, niliamini kwamba mkono wangu wa kushoto unaua. Imani hiyo sikuzaliwa nayo, niliambiwa. Mama alifariki kabla sijaanza shule, baba akaoa tena, na mama wa kambo aliponiona nikila kwa mkono wa kushoto alishtuka kama aliyekanyaga nyoka. Kwao, alisema, mtoto wa hivyo huleta mkosi nyumbani. Majirani wengi waliamini vilevile, ila wao waliishia kunikanya huku wakicheka. Yeye hakuishia hapo.

Alianza kwa kuufunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa chakula. Halafu kiangazi kimoja kuku wake wakaanza kusinzia, wakapinda shingo, wakafa. Asubuhi ile mimi ndiye niliyewarushia mtama.

"Uliwalisha na mkono gani?" akaniuliza.

Nikauficha mkono mgongoni. Akanivuta jikoni, akauzamisha mkono wangu kwenye majivu ya moto. Nilipolia, alisema si mimi ninayelia, ni mkosi unatoka. Maneno hayo yaliniumiza kuliko moto, maana hata kilio changu hakikuwa changu tena. Baba alikuwa nje akichonga mpini wa jembe. Hakuingia.

Kuku waliobaki walikufa pia, nami nikaadhibiwa tena. Tangu hapo nilijiona mtu wa hatari. Mama jirani akinipa mtoto wake nimshike, nilikuwa natafuta kisingizio na kukimbia.

Nilikua, nikaolewa Burumba, nikaanza kuuza mitumba karibu na mpaka. Wateja wakiniuliza kuhusu kovu la mkononi, nilijibu kwa kicheko: "Nililelewa kwa ukali, lakini nilipata adabu." Na nilimaanisha. Hata hivyo, mteja akiinua mkono ghafla kuonyesha gauni lililotundikwa juu, nilikuwa najikinga uso kabla sijajua ninachofanya.

Mwaka jana binti yangu Amoit, ambaye bado yuko chekechea, alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kipande cha samaki. Niliinuka mezani nikatoka. Mume wangu Okisai akanifuata nyuma ya nyumba, na huko nikamsimulia yote, kuku na majivu, nikichekacheka kama nilivyozoea. Yeye hakucheka.

"Mama Amoit," akasema, "mtu akimfanyia huyu mtoto wetu hivyo, utasema ni adabu?"

"Nitampeleka polisi!"

"Sasa wewe je?"

Nilikaa chini pale pale, karibu na tangi la maji, na baada ya muda nikajisikia nikisema, "Niliteswa." Sikuwahi kulitamka neno hilo juu yangu mwenyewe. Nililia sana, naye Okisai akakaa nami bila kuniharakisha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Angurai. Mama wa kambo alikuwa ameshafariki. Nilimkuta baba uani akianika mihogo, nikamuuliza kama anakumbuka wale kuku.

"Ilikuwa kideri, ule ugonjwa wa kuku," akasema. "Daktari wa mifugo alipita akatuambia. Mwaka huo kila boma lilipoteza kuku."

Kwa hiyo walijua.

"Na mimi je, baba?"

Akageuza kipande cha muhogo juani. "Nilikusikia ukilia. Niliogopa mkosi, nikaogopa na vita ndani ya nyumba. Wewe hukukosa kitu. Ulikuwa mtoto. Nisamehe, mama."

Sikumpa jibu siku ile, naye hakulidai. Tulianika mihogo iliyobaki, kisha nikapanda boda hadi barabara kuu.

Bado nashtuka. Kuna mshauri ninayemwona katika kituo cha afya, na ameniambia mwili huchelewa kuamini kile ambacho akili imeshakubali. Namwelewa, na sina haraka. Msamaha wa baba bado naufikiria. Lakini juu ya boda ile, vumbi likinipiga usoni, nilivuta pumzi ikashuka hadi chini kabisa, nikajua kwamba ubaya ule ulinipata, haukutoka kwangu.