Nyumba Nne Nilizoziruka

Mwanangu, nakumbuka Jumatatu moja ambayo hata leo nikiisimulia siwezi kukaa kitako. Huinuka, nikatembea huku na huku chumbani, mpaka nyanya yenu huniuliza kama nimeingiliwa na siafu. Ilikuwa siku ambayo upande wetu huu wa Manga ulipewa jina lake serikalini. Na ilikuwa siku ambayo nilisimama mbele ya watu wote nikasema jambo ambalo ningetoa ng'ombe nisiliseme. Kaa hapa karibu nikueleze, kwa kuwa wewe nawe umeanza kupewa kalamu na watu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nafundisha darasa la pili katika shule ya kanisa letu la Wasabato, nina shati moja jeupe na kiburi cha mashati kumi. Siku hizo naibu chifu wetu alikaa ng'ambo ya bonde. Mtu akitaka barua ya kuhamisha ng'ombe, au ya kumwingiza mtoto shule ya sekondari, au akitaka tu kuripoti kifo, alishuka bondeni, akavuka mto, akapanda tena, na mara nyingi akafika akaambiwa mwenyewe ametoka. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mto ulifurika, na mtu akalala huko kwa watu, na barua hana.

Kwa hiyo DO, yaani afisa mkuu wa tarafa, alipotuma habari kwamba tutapata kata ndogo yetu wenyewe, yenye ofisi yake na naibu chifu wake, mlima mzima ulichangamka. Wanawake waliokuwa wakichuma pareto waliacha vikapu wakaimba. Wazee walianza kubishana ofisi ijengwe wapi kabla hata ya jiwe moja kusogezwa. DO alitaka kitu kimoja tu: orodha ya nyumba zote, jina la mwenye nyumba na watu wake. Na akaonya. Orodha iwe ya kweli. Akigundua uongo hata wa mstari mmoja, atairudisha Kisii, makao ya wilaya, na sisi tungoje mpaka atakapopata nafasi tena ya kutufikiria.

Wazee wakanichagua mimi niandike. Mwanangu, furaha niliyokuwa nayo! Nilinunua kalamu mpya Keroka. Nilichora mistari kwa rula. Niliandika kwa herufi za kulala, zile tulizofundishwa na wamisheni, nikaanza na babu wa ukoo wetu, nikashuka kwa wanawe, wajukuu na vitukuu, kila nyumba mahali pake, kama vizazi vile vilivyoandikwa katika Biblia. Baba yangu mdogo, Nyakundi, alipita akachungulia, akasema niandike watu wetu vizuri. Sitamsingizia. Yeye alisema hivyo tu. Lililofuata nililifanya mwenyewe.

Katikati yetu walikaa watu wa nyumba nne ambao hawakuwa wa ukoo wetu. Kwetu tunawaita abamenyi, yaani watu waliokuja zamani kutoka kwingine, wakakaribishwa, wakapewa mahali pa kulima. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ombati, fundi wa mbao. Nilipofika mwisho wa karatasi niliwakumbuka. Siwezi kusema niliwasahau. Kalamu ilikuwa mkononi na wino ulikuwepo. Nikajiambia kwamba kata ndogo ni yetu, kwamba wakiandikwa watakuwa na sauti katika kuchagua wazee, na kwamba nyumba zilikuwa zinatosha hata bila wao. Nikakunja karatasi. Alhamisi nikaipeleka mwenyewe ofisi ya tarafa, natembea kama bwana harusi.

Ijumaa mchana Mzee Makori akaniita. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa etureti, baraza letu la wazee wa kijiji, na ndiye mzee wa kanisa aliyetufundisha Zaburi tukiwa watoto. Alizijua zote kichwani, maana kusoma hakujua. Alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi. Akaniambia anataka kuisikia orodha kabla Sabato haijaingia. Nikachukua nakala yangu, nikaanza na babu wa ukoo. Akainua mkono.

"Usinianzie kaburini," akasema. "Anzia mtoni. Panda na njia. Niambie kila mlango ninaoukuta."

Kisha akafumba macho.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. Orodha yangu ilifuata damu. Yeye alitaka ifuate njia. Ikabidi niruke mistari, nitafute jina huku na jina kule. Nikasema mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miguu yake ilikuwa ikisogea kidogo chini ya kigoda, kana kwamba anapanda kweli. Nikafika kwa Baba Mdogo Nyakundi, kisha nikataja nyumba ya Ogeto.

"Umekimbia," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nikitoka kwa Nyakundi sijafika kwa Ogeto. Kuna mbwa ananibwekea. Mbwa wa nani?"

Alikuwa mbwa wa Ombati.

Tukaendelea mpaka juu kabisa, na mara tatu tena akaniambia nimekimbia. Alipofumbua macho hakupandisha sauti. Aliniuliza kama karatasi yangu ilikuwa fupi. Nikamweleza mambo ya ukoo, na sauti na uchaguzi, maneno yale yale niliyojiambia mwenyewe, na yalipotoka mdomoni yalikuwa madogo sana.

"Kijana wangu," akasema, "ukoo wetu Mungu anaujua, na sisi tunaujua. Hauhitaji karatasi ya serikali. Wewe ulitumwa kuandika milango. Kesho utapiga magoti kanisani umwombe Mungu aliandike jina lako mbinguni. Utamwomba kwa mdomo gani, na mkononi una kalamu ya kumfuta jirani?"

Kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwalimu sikuwa nimelifikiria. Kemunto, binti wa Ombati, alikuwa amefaulu mtihani. Shule ya sekondari ilimtaka apeleke barua ya naibu chifu kabla ya Jumatano, la sivyo nafasi yake ipewe mwingine. Ombati alikwenda ng'ambo ya bonde, na kule wakamwambia wao hawamwandikii tena, sasa yuko kata ndogo mpya, angoje Jumatatu. Na Jumatatu, Mzee Makori akaniuliza, hiyo kata ndogo mpya itafungua karatasi na kumwona wapi?

Ofisi ya tarafa ilikuwa imekwisha kufungwa kwa wiki ile. Jua lilikuwa linashuka, Sabato inakuja. Mzee akanipa njia moja tu: Jumapili nitembee mlango kwa mlango, niandike orodha nyingine kwa miguu, na Jumatatu nimkabidhi DO mbele ya watu, niseme ni nani aliyeharibu ya kwanza.

Sabato ile niliimba nyimbo zote na sikusikia hata moja.

Jumapili nilianzia mtoni. Nilipofika kwa Ombati nilimkuta akipiga randa ubao, anatengeneza mabenchi ya wageni wa Jumatatu, kwa hiari yake. Nikamwambia nililofanya. Aliweka randa chini, akamgeukia mkewe.

"Mama Kemunto, kunja mikeka. Kumbe mwalimu alituhamisha tangu Alhamisi, na sisi bado tumekaa."

Mkewe alicheka. Kemunto hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na minne, na ulimi wake ulikuwa umefaulu mtihani pia.

"Mwalimu," akasema, "ulipougua surua, mama yangu ndiye aliyekuchotea maji ya kukuogesha. Hukuuliza maji yale ni ya ukoo gani."

Baba yake akamkemea, lakini polepole, jinsi mtu anavyomkemea mtoto aliyesema kweli. Kisha akanionyesha migomba nyuma ya nyumba. Baba yake alizikwa pale. Alifika mlimani hapa amembeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye Ombati. Akaniambia, "Andika kwamba mlango wangu upo. Zaidi ya hapo sitaki kitu." Nikaandika nikiwa nimesimama, na herufi zikakosa ule ulalo wake mzuri.

Habari zilimfikia Baba Mdogo Nyakundi kabla sijamaliza mlima. Alinisimamisha njiani. Alisema nikifungua mdomo kesho, DO ataondoka na karatasi zake, na mimi nitakuwa mtu aliyetunyima ofisi. Kila atakayevuka mto kwa ajili ya barua atalitukana jina langu katikati ya maji. Akaniuliza ni msichana gani wa Manga atakubali kuolewa na mtu wa namna hiyo. Alikuwa na haki ya kuogopa, hata mimi niliogopa hivyo hivyo.

Jumatatu ikafika. Ah, mwanangu, laiti ungeuona uwanja ule wa shule! Watu walitoka hata upande wa Keroka. Njia ilikuwa imefagiwa mpaka udongo mwekundu ukang'aa. Watoto wangu wa darasa la pili waliimba mpaka wakasahau beti, wakarudia ubeti ule waliokumbuka. Gari la DO likakwama kwenye kona ya mwisho, na wanaume wakalisukuma kwa nguvu hata nadhani lingeweza kufika bila injini. Moyo wangu ulipiga kwa furaha na kwa hofu, na sikuweza kutofautisha kipi ni kipi.

DO akafungua karatasi yangu. Akausifu mwandiko. Akauliza, kama ilivyokuwa desturi, kama kuna mtu mwenye neno kabla hajatangaza.

Nikasimama. Nilisikia Baba Mdogo akininong'oneza niketi. Nikasema orodha ile ina upungufu wa nyumba nne.

"Aliyeandika ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Kwa hiyo ulikosea."

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo hapo, mwanangu, pana kabisa. Ningeitikia tu.

"Sikukosea," nikasema. "Niliwaacha."

Uwanja ukanyamaza hata nikasikia bendera ikipigwa na upepo. DO akaikunja karatasi, akaitia ndani ya faili, na watu wakaanza kunung'unika, maana waliona ofisi yao ikirudi Kisii. Akauliza atajuaje kwamba ile ya pili si uongo mwingine, wa mtu yule yule.

Mzee Makori akainuka na fimbo yake. Akasema, "Mheshimiwa, ishike wewe hiyo karatasi mpya. Mimi sijui kusoma. Nitapanda mlima, na wewe utie alama."

Akafumba macho, akaanza mtoni. Alitaja mlango, mwenye nyumba, mke au wake, watoto na mama mzee aliye chumba cha nyuma. DO alifuata kwa penseli, mwanzo akiwa amekunja uso. Kila aliyetajwa alisimama. Kwenye nyumba ya tano watu wakaanza kuitikia. Kwenye ya kumi wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Mzee alipanda tu, hakupumzika. Akapita kwa Nyakundi, akasema, "Hapa nabwekewa na mbwa," na watu wakaangua kicheko, na kabla hajamaliza kulitaja jina la Ombati, mama Kemunto alikuwa amekwisha kupiga kigelegele kilichovuka bonde. Mlango kwa mlango, mpaka kileleni. DO akatia alama ya mwisho, akaangalia penseli yake, kisha akamwangalia yule mzee.

"Hakuna hata mlango mmoja uliobaki," akasema. Na akatangaza.

Sitajaribu kueleza kelele iliyofuata. Mungu aliisikia, na wa ng'ambo ya bonde pia. Katikati ya kelele hizo Mzee Makori akamweleza DO habari ya shule ya Kemunto, naye akaniita kwenye gari, akaniamuru niandike barua ya msichana huyo, akaitia sahihi na mhuri juu ya boneti. Ndiyo iliyokuwa barua ya kwanza ya kata ndogo yetu. Msichana akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akanionyesha mahali nilipoacha nukta, nikaitia.

Kazi ya karani wa ofisi mpya, ambayo kila mtu alijua ni yangu, ilipewa kijana mwingine. DO alinishukuru kwa kusema kweli, akaniambia kwamba kalamu ya ofisi hataniachia mpaka watu hawa waniamini tena. Iliniuma. Miaka mingi ilipita, nililima chai yangu, nikafundisha, nikaoa, maana Baba Mdogo alikosea kuhusu wasichana, hadi siku moja wakanitia katika etureti. Namshukuru Mungu kwamba aliningojea, na kwamba jirani zangu nao waliningojea.

Sasa nasikia vijana wenzako wamekuteua uandike majina ya watu watakaopata maji ya bomba. Mwanangu, usiandike ukiwa umeketi. Tembea. Anzia chini, fuata njia, na ingia kila mlango unaoukuta. Utafika mbele ya mlango mmoja ambao moyo wako utakushauri upite kimya. Utakuwa na sababu nzuri, na sababu yako itakuwa na mwandiko mzuri pia. Bisha hodi hapo kabla ya kwingine kote. Na ukiwa umekwisha kuuruka, usiseme umesahau. Rudi useme uliuruka, ungali na muda, hata kama utasema peke yako na uwanja umenyamaza.

Mungu aliyetuita sote kwa majina akutangulie njiani. Akupe miguu isiyochoka kupanda na masikio ya kusikia kila nyumba. Na popote utakapofika umechoka, watu wakufungulie mlango, wakuite ndani, wakuwekee kigoda karibu na moto.