Isale la Wino

Mchoraji wa Rau hakuwahi kumchora mtu akabaki mtu. Mwenyekiti wa tawi alipoagiza picha ya mkulima, aliletewa mama aliyeota migomba mabegani na ukungu kichwani. “Jembe liko wapi?” “Limo udongoni, linalima,” mchoraji akamjibu, akilamba ncha ya brashi. Aliilamba kabla ya kila mstari, mpaka midomo ikawa kama ya mtoto aliyekula zambarau. Hayo mkewe, Bernadetha, aliyavumilia. Lakini mwaka ule ambao hata sabuni ilikuwa adimu, msanii alitaka hariri ya kuchorea, na hariri pekee nyumbani ilikuwa gauni lake la harusi. Alilikata kwa heshima zote, akianzia mgongoni. Bernadetha akakusanya mabaki ya gauni, akapanda kwao Kibosho.

Jumapili mumewe akamfuata. Mchagga anayeomba radhi huja na jani la isale mkononi, na anayepewa hawezi kukataa. Nyumba ya mchoraji ilizungukwa na masale pande zote. Yeye alikuja na kipande cha hariri alichokichora kwa wino: mwanamume amepiga magoti, vidole vyake vimegeuka majani ya isale. Bernadetha alikitazama sana. Kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

“Baba Wenseslaus, isale lenyewe liko wapi?” akamuuliza mumewe.

“Si hilo? Tena hili halinyauki.”

“Basi na mimi nichore nimerudi.”

Mchoraji akachomoa brashi mfukoni, akailamba, kisha akauliza kwa upole kama mikono ya gauni ilikuwa bado mizima.